Je, Wajua? Risasi Moja kwa Bastola na Bunduki

Je, wajua kwamba aliyezipa jina lake bunduki maarufu kuliko zote za Magharibi ya Marekani alikuwa mtengeneza mashati? Oliver Winchester alikuwa na kiwanda cha mashati mjini New Haven, Connecticut, kabla hajatia fedha zake katika Volcanic, kampuni ya silaha iliyokuwa ikiyumba. Volcanic nayo ilitokana na kazi ya Horace Smith na Daniel Wesson, wale wale ambao baadaye walitajirika kwa rivolva. Bunduki ya wenzo, kama hiyo ya Winchester, na bastola ya silinda ni ndugu tangu mwanzo.

Je, wajua ni lini zilianza kula chungu kimoja? Winchester ya 1873 ilikuja na risasi yake ya .44-40. Mwaka 1878 Colt wakaanza kuuza rivolva inayotumia risasi hiyohiyo, na mchunga ng'ombe akaweza kujaza mkanda mmoja kwa silaha zote mbili.

Lakini .45 Colt, risasi ya kauboi wa sinema? Katika karne ya 19 haikuwa na bunduki ya wenzo. Sababu inayotajwa zaidi ni ukingo wa tako lake, uliokuwa mwembamba mno. Rivolva ya Colt hulisukuma nje ganda tupu kwa kijiti, kwa hiyo haihitaji ukingo wa kushika. Bunduki ya wenzo hulivuta kwa ndoano. Siku hizi .45 hutengenezwa na ukingo mpana zaidi, na bunduki zake zipo tele. Sinema zenyewe usizitegemee kwa historia: hadithi ni ya miaka ya 1870, mkononi mwa shujaa kuna Winchester ya 1892.

Je, wajua kwamba bunduki ya wenzo ilipita Bagamoyo? Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na Winchester aliyopewa zawadi na balozi wa Marekani katika dola ya Uthmaniya, huku askari wake wengi wakibeba magobori.

Je, wajua kwa nini risasi za bunduki ya wenzo huwa na vichwa butu? Zinalala ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kichwa cha hii kikigusa tako la ile. Katikati ya tako kuna fataki. Bunduki ikilia, safu nzima hutikisika, na ncha kali ikiigonga fataki iliyo mbele yake, risasi inaweza kulipuka humo bombani, karibu kabisa na kiganja kilichoshika bunduki. Risasi nyingi za rivolva ni bapa au butu tangu kiwandani. Hata hivyo, tazama ncha kabla ya kujaza. Kuna za plastiki laini zilizobuniwa kwa ajili ya mabomba haya. Ncha kali ya shaba usiitie kamwe.

Je, wajua mtutu mrefu unakupa nini? Chukua .357 Magnum, iliyozaliwa 1935. Ikitoka kwenye rivolva ya inchi 4, risasi ya kawaida hukimbia kama mita 380 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi 16 au 18 hukaribia 550, yaani nguvu maradufu, kwa sababu baruti imepata nafasi ya kumalizia kazi yake. Kwa paa wa misitu ya Marekani, ndani ya mita 100, inatosha. .44 Magnum ina nguvu zaidi, na bega litakueleza. Mimi ningechukua .357, tena si kwa ajili ya nguvu: bunduki yake hupiga pia .38 Special, nafuu na pole. Kichwa kizito cha .38 hata kwenye mtutu mrefu hubaki chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo hakuna ule mlio mkali wa kupasua hewa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3 hivi. Ndani ya nakala za Winchester ya 1873 kuna kijisanduku kinachopandisha risasi hadi usawa wa mtutu. Risasi ikiwa fupi kupita kiasi, tako la inayofuata huchungulia ndani, kijisanduku hakipandi, wenzo unagoma katikati. Wasumbufu hasa ni .38 za shabaha ambazo kichwa chake kimezamishwa chote ndani ya ganda. Jaribu risasi utakazozitumia kweli kabla ya kulaumu bunduki.

Unataka darubini? Winchester ya 1892 hurusha maganda juu, na darubini inakaa njiani. Marlin 1894 huyarusha ubavuni.

Je, wajua kwamba kampuni ya Henry ya leo haina nasaba na Benjamin Tyler Henry, mbunifu wa bunduki ya Henry ya 1860? Imeazima jina tu. Bunduki zake si mbaya.

Na katika mashindano ya kikauboi huko Marekani, bunduki ya wenzo lazima iwe ya kaliba ya bastola, na vichwa vya risasi viwe vya madini laini bila koti la shaba, kwa sababu shabaha ni mabamba ya chuma yaliyo karibu na vipande hurudi kwa mpigaji. Wengi huko hununua bunduki ya .357 na kuijaza .38 nyepesi mwaka mzima.