Mti wa rangi katika nchi ya jua

Juma hili nina barua ya mwalimu mstaafu wa Misungwi, mkoani Mwanza. Mwalimu huyu amemaliza kujenga nyumba yake ya bati si mbali na barabara kuu iendayo Shinyanga, na uani amebakiwa na nafasi ya mti mmoja tu. Sebuleni ametundika kalenda iliyotoka Ulaya, yenye picha ya miti ya majani mekundu na ya manjano. Anauliza ni wapi atapata mche wa mti kama ule. Mwisho wa barua ameongeza kwamba mama mwalimu hautaki, maana mti unaopukutisha majani utamzidishia kazi ya kufagia.

Huenda wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. La hasha. Mti ukipandwa leo utawakuta wajukuu. Ukichagua vibaya, baada ya miaka kumi utaufuata kwa shoka, nawe utakuwa umepoteza miaka kumi ya kivuli, na bati litaendelea kuwachoma walio ndani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa upande wa mti wa uani, naona mambo ni kinyume: asiyechagua ndiye si mkulima.

Basi tuanze na ile kalenda. Jani la mti ni la kijani kwa sababu ya kitu kiitwacho klorofili, ambacho hunasa mwanga wa jua na kuusaidia mti kujitengenezea chakula. Katika nchi za baridi, mwezi wa Septemba na Oktoba siku huanza kuwa fupi na usiku kuwa wa baridi. Mti hutambua kwamba theluji inakuja, nao hukusanya mali yake. Huivunjavunja klorofili, huirudisha ndani ya matawi mbolea iliyokuwa katika majani, kisha hufunga mlango wa jani. Ile rangi ya manjano ilikuwamo siku zote, ila ilifunikwa na kijani. Nyekundu hutengenezwa siku za mwisho, kutokana na sukari iliyobakia katika jani, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi.

Miti mingi ya kalenda hizo ni ya jamii ya mepo, ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mti huo umezoea kulala miezi kadhaa katika baridi kali kabla ya kuchipua tena. Sasa Misungwi iko kasoro kidogo nyuzi tatu kusini ya Ikweta. Siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka hazitofautiani hata nusu saa. Baridi ya kulaza mepo haipo. Kwa hiyo, mwalimu wangu, mche wa kalenda usiutafute. Hata ukiletewa na mtoto aliyeko ng'ambo, utakuwa mgonjwa asiye na hospitali.

Je, ina maana sisi hatuna rangi? Tunazo, ila zetu hazitokani na baridi. Zinatokana na ukavu. Kwenu Misungwi mvua za masika zikikatika mwezi wa Mei, kiangazi hushika Juni, Julai na Agosti, mpaka vuli irudi mnamo Oktoba. Iko miti ambayo ikiona maji yamepungua hufanya yale yale yanayofanywa na mepo: hukusanya mali, hubadili rangi, hupukutika. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Wa kwanza ni mkungu, ambao wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja wanaujua vizuri. Matawi yake hukaa kwa ngazi, moja juu ya jingine, kama ghorofa. Majani yake ni mapana kama kiganja cha mtu mzima na zaidi, na kabla ya kuanguka hugeuka manjano, rangi ya machungwa, na hatimaye nyekundu iliyokolea. Hufanya hivyo mara moja au mbili kwa mwaka, na haukai uchi kwa muda mrefu kabla ya kuchipua upya. Kokwa lake lina kiini kitamu ambacho watoto hukipasua kwa jiwe. Asili yake ni pwani, lakini hustawi hata bara penye joto, mradi upate maji utotoni. Angalizo ni kwamba mkungu ni mti mkubwa. Uuweke mbali na ukuta wa nyumba, hatua nane au zaidi, mbali na shimo la maji machafu, na mbali kabisa na nyaya za umeme.

Wa pili ni wa kwetu wenyewe, nao ni mlama. Huota katika vichaka na vilima vya mawe, magome yake yamekwaruzika, na mbegu zake zina mabawa manne. Kiangazi kikikomaa, majani yake huingia wekundu wa kutu na zambarau. Haukui upesi, lakini ni mdogo kuliko mkungu na unafaa kwa kiwanja finyu. Tena umezoea ukame na ardhi ya changarawe. Dosari yake ni kwamba hukaa uchi mpaka mvua zikaribie, yaani wakati ambapo kivuli kinahitajiwa zaidi.

Iko rangi ya namna nyingine, ya majani machanga. Msikilizaji aliyesafiri katika misitu ya miombo ya Tabora mwezi wa Septemba au Oktoba ameona jambo la ajabu: mvua bado, ardhi imekauka, lakini miti imevaa majani mekundu kana kwamba inaungua. Yale si majani yanayokufa, bali yanayozaliwa. Huanza kwa wekundu, na yakikomaa huwa kijani. Miti ya miombo ni migumu kukuza uani. Lakini nani asiyekuwa na mwembe mtaani kwao? Tazama mwembe unapochipua: majani machanga yananing'inia laini, mekundu ya shaba, huku ya zamani yakiwa kijani kizito. Tumeuona tangu utotoni, nasi hatukuuhesabu kuwa mti wa rangi kwa sababu tulikuwa tunatazama maembe.

Kuhusu mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, najua wengi mtanikumbusha. Kweli, ukichanua mwishoni mwa mwaka hakuna mti unaoufikia kwa wekundu. Lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, matawi yake huvunjika kwa upepo, na kitambaa chake cha kivuli hutanuka kuliko urefu wake. Penye uwanja wa shule au wa kanisa, sawa. Penye nafasi ya mti mmoja kando ya nyumba, sishauri.

Sasa tuje kwenye udongo. Wasukuma wana majina ya udongo wao, na majina hayo yana elimu ndani yake. Luseni ni mchanga mwepesi wa sehemu za juu, ambao unapitisha maji upesi na una mbolea kidogo. Mwembe, mkungu na mlama wataukubali ukiwasaidia kwa samadi. Itogolo ni ardhi ya kijivu yenye tabaka gumu chini, ambayo mzizi huigonga ukarudi. Hapo itakubidi uchimbe mpaka ulivunje tabaka hilo. Mbuga ni udongo mweusi ambao masika huloa ukatota na kiangazi hupasuka nyufa. Kama kiwanja chako ni mbuga, muulize kwanza bwana shamba wa kata yako. Misungwi mmebahatika pia kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambacho wakulima wa pamba wanakifahamu siku nyingi.

Upandaji wenyewe si mgumu. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana kabla ya vuli. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na samadi iliyooza. Panda mvua zikishatulia. Nyasi za kuhifadhi unyevu zisiguse shina, zisije zikaita mchwa. Zungushia miiba, maana mbuzi hana habari na rangi. Kiangazi cha kwanza na cha pili, ndoo moja ya maji mara mbili kwa wiki. Na ukiweza, upande mti upande wa machweo ya nyumba, kwa kuwa jua la saa tisa na saa kumi ndilo linalopika ukuta na kufanya chumba kisilalike usiku.

Limebaki neno la mama mwalimu, nami sikutaka kulipita. Mti wa rangi ya majani makuukuu hauna budi kupukutika, kwa maana rangi yenyewe ndiyo dalili ya kupukutika. Haiwezekani mume achukue wekundu na mke achukue ufagio. Majani ya mkungu ni makubwa na yanahesabika, hayajifichi mchangani kama vijani vya mkrismasi, na yakikusanywa shimoni pamoja na samadi na maji yatakuwa mboji, kitu ambacho luseni inakililia. Lakini lazima awepo wa kuyakusanya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwalimu, kama kutoka ukutani unazo hatua nane, panda mkungu, kwa sharti kwamba majuma yale ya kupukutika ufagio ni wako. Kama hatua hizo hazipo, panda mlama, nao sharti lake ni hilo hilo. Kama ufagio huutaki, panda mwembe uliobebeshwa, uupogoe usizidi kimo. Nao huangusha majani, lakini kidogo kidogo. Rangi utaipata kwenye majani machanga, kivuli mwaka mzima, na maembe juu yake. Vyovyote iwavyo, kabla ya kuchukua jembe, kaeni wawili chini mkubaliane, maana vuli haiko mbali.