Kuielewa Bili ya Simu (2): Gharama za Meseji

Meseji inayotozwa si lazima iwe sawa na ile anayoiona mtumaji kwenye kioo cha simu yake. Mtandao huhesabu vipande, na kipande kimoja hubeba baiti 140 tu. Kipimo hicho kilipangwa miaka ya 1980, wataalamu wa Ulaya walipokuwa wakitunga kanuni za mfumo wa simu za mkononi wa GSM, nacho kingali kikitumika zaidi ya miaka 30 tangu meseji ya kwanza ilipotumwa Uingereza, tarehe 3 Desemba 1992.

Baiti 140 hutosha herufi 160 za kawaida, nafasi na alama za uandishi zikiwamo. Ikiongezwa herufi ya 161, meseji hukatwa vipande viwili. Kila kipande sasa hubeba herufi 153, kwa kuwa nafasi iliyobaki huchukuliwa na maelekezo yanayoiwezesha simu ya mpokeaji kuviunganisha upya. Mpokeaji husoma meseji moja, mtumaji hutozwa mbili. Herufi zikifika 307, hutozwa tatu.

Hesabu hubadilika inapoingia alama isiyokuwamo katika orodha ya herufi za GSM. Emoji moja, au maandishi ya Kiarabu, hulazimisha meseji nzima iandikwe kwa mfumo wa Yunikodi, ambamo kipande hubeba herufi 70, au 67 vipande vikizidi kimoja. Meseji ya herufi 150, ambayo ingekuwa kipande kimoja, huwa vipande vitatu kwa kutiwa emoji moja. Hata ritifaa ina mtego: iliyonyooka, kama ya ng'ombe, imo katika orodha, iliyopinda, ambayo programu za kuandikia nyaraka huiweka zenyewe, haimo. Mwaliko wa kikao cha harusi ulionakiliwa kutoka kwenye waraka waweza kuongezeka gharama kwa sababu ya alama hiyo tu.

Vipande huzidishwa kwa idadi ya wapokeaji. Mwaliko wa vipande viwili kwa wanakamati 30 huhesabiwa meseji 60. Kwa kawaida hesabu hufanyika pale kituo cha meseji cha kampuni kinapoipokea, hata kama simu ya mlengwa imezimwa.

Bei ya kipande hutegemea kinakokwenda: ndani ya mtandao uleule, mtandao mwingine, au nje ya nchi, ambako ndiko ghali zaidi. Kwa mteja wa malipo ya kabla, kifurushi huliwa kwanza. Kikiisha, au muda wake ukipita, hukatwa salio kwa bei ya kawaida. Meseji za nje ya nchi na za namba fupi mara nyingi hazimo katika kifurushi, hivyo salio laweza kupungua huku kifurushi kikiwa bado kipo.

Namba fupi ndizo chanzo cha malalamiko mengi. Hutumika kwa kura za vipindi, bahati nasibu, miito ya simu na taarifa za michezo, na bei yake hupita ya meseji ya kawaida. Nyingine hutoza kila meseji inayopokelewa, ilhali Afrika Mashariki kupokea meseji ya kawaida ni bure. Kwa hiyo mstari wa bili unaoonyesha malipo ya kupokea huwa dalili ya usajili unaoendelea. Kujitoa hufanywa kwa kutuma neno kama ONDOA au STOP kwenye namba husika.

Zipo pia meseji zinazotumwa na simu yenyewe. iPhone inapowasha huduma ya iMessage hutuma meseji ya uthibitisho, ambayo yaweza kutozwa kama ya kimataifa. Huduma hiyo, intaneti ikikosekana, yaweza pia kupeleka ujumbe kama meseji ya kawaida.

Mwishoni mwa bili ya malipo ya baada huja kodi: VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, pamoja na ushuru wa bidhaa. Hesabu isipolingana, mteja huomba mchanganuo kutoka kampuni yake, akalinganisha tarehe, namba na idadi ya vipande. Lalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni. Lisipotatuliwa, hufikishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.