Kle ya wifi iliyojifanya CD

Huku Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu haingii dukani kuomba adapta ya mtandao usiotumia waya. Anaomba kle ya wifi. Kifaransa huita ufunguo kila kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB, nasi tumelichukua neno kama lilivyo. Niliomba hivyo hivyo, nikapewa kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ndani ya pakiti iliyoandikwa 600 kwa tarakimu kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, neno lililonipa moyo: Linux. Jioni nilikichomeka kwenye laptopu yangu ya mtumba. Kitaa cha buluu kikawaka. Kompyuta ikanitangazia kwamba nimeingiza CD.

Laptopu hiyo haina hata mlango wa CD.

Nilimpigia simu fundi mmoja kijana wa Beni, kilomita hamsini na kitu kutoka kwangu kwa barabara namba 2. Nikaanza kumsomea yaliyoandikwa kwenye pakiti. Akanikatiza: "Yaya, pakiti iache. Andika lsusb, halafu unipe nambari."

Hapo ndipo somo lote lilipo. Huku kwetu kadi ya mpiga kura kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha mtu. Kifaa cha USB nacho kina kadi yake: mafungu mawili ya tarakimu na herufi nne nne, yaliyotenganishwa na nukta mbili. Fungu la kwanza linataja aliyekitengeneza, la pili linataja kifaa chenyewe. Amri ya lsusb huorodhesha kadi za vifaa vyote vilivyochomekwa. Yangu ilisoma 0bda:1a2b. Fungu la 0bda ni la Realtek, kampuni ya Taiwan yenye nembo ya kaa. Na 1a2b, fundi alicheka, si wifi. Ni CD.

Ujanja wenyewe ni huu. Ndani ya kle kuna kumbukumbu ndogo iliyobeba programu za Windows. Ikichomekwa, kle hujitambulisha kama CD ili Windows iifungue, isakinishe programu hizo, kisha iiambie kle ivue vazi hilo na kuwa wifi. Kwa mwenye Windows ni msaada, hahitaji kutafuta chochote. Linux haina haja na CD hiyo, lakini lazima mtu aiambie kle ivue vazi. Ipo programu iliyotungwa kwa kazi hiyo, usb_modeswitch, na mara nyingi hata amri ya kawaida ya kutoa CD, eject, inatosha. Nikaitoa CD ambayo haikuwepo. Nilipoandika lsusb tena, kadi ilikuwa imebadilika: 0bda:c811. Sasa ilikuwa wifi kweli, ila bado haikushika mtandao wowote.

Ili kle ifanye kazi, mambo mawili lazima yawepo, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni draiva, mkalimani anayekaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na kuzungumza na chipu kwa lugha yake. La pili ni femwea, maagizo yanayoendesha chipu yenyewe. Kle nyingi za bei rahisi haziyahifadhi maagizo hayo; kila unapoichomeka, kompyuta huyasoma kutoka kwenye diski yake na kuyamimina upya ndani ya chipu. Draiva za kerneli ni programu huria, lakini femwea kwa kawaida ni siri ya kiwanda. Kwa sababu hiyo Debian, mojawapo ya Linux zinazosimamia uhuru wa programu kwa ukali zaidi, kwa miaka mingi ilikataa kuzitia ndani ya CD yake rasmi ya kusakinishia. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuubadilisha msimamo huo, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaja nazo.

Mimi nilikuwa na Debian 12. Femwea ilikuwepo. Kilichokosekana ni draiva, tena kwa unywele. Debian 12 imejengwa juu ya kerneli 6.1 ya Desemba 2022. Draiva ya USB ya chipu yangu iliingia kwenye kerneli 6.2, iliyotoka Februari 2023. Miezi miwili na kidogo!

Basi mtu anajikuta kwenye kizunguzungu anachokijua kila aliyewahi kuweka Linux nyumbani: ili upate draiva unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji draiva. Wengi huishia hapo, wakarudisha Windows ya wizi iliyojaa virusi vya flashi. Wakati dawa iko mfukoni. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, fungua mipangilio ya simu, ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, na draiva ya kazi hiyo imo ndani ya kerneli tangu zamani. Husakinishi kitu. Kitakachokuuma ni mega tu: kerneli mpya ni makumi ya megabaiti, nami niliinunulia kifurushi cha usiku. Asubuhi laptopu ilikuwa na kerneli mpya kutoka hazina ya Debian inayoyaletea matoleo yaliyopo programu mpya zaidi, na kle, CD ikishatolewa, ikashika mtandao bila kelele.

Ipo njia nyingine, ya kuchukua draiva iliyoandikwa nje ya kerneli na kuijenga mwenyewe. Inafanya kazi. Lakini draiva ya namna hiyo imeshonwa kwa kipimo cha kerneli moja. Kerneli ikisasishwa inabidi ijengwe tena, na usipokuwa umeipanga kupitia DKMS, mfumo unaoijenga upya wenyewe, utaamka siku moja huna mtandao. Kwa mtu anayelipia kila mega, mimi simshauri. Afadhali kutafuta kle ambayo kerneli inaijua tayari. Chipu ya MT7601U ya MediaTek, kwa mfano, inatambuliwa tangu kerneli 4.2 ya mwaka 2015. Haina mwendo mkubwa, lakini hata flashi ya Linux iliyopita mikono kumi kutoka chuo hadi chuo itaijua.

Tatizo ni kwamba dukani hakuna kle iliyoandikwa jina la chipu. Mfanyabiashara wa Butembo huenda hadi Guangzhou au Dubai. Mzigo wake hushuka Mombasa, ukapita Kampala, ukavuka mpaka Kasindi na kupanda Beni hadi huku. Yeye amenunua kava, na hata viwanda vyenye jina hubadilisha chipu bila kubadilisha kava. TP-Link TL-WN722N, kle yenye antena ndefu iliyopendwa sana na watu wa Linux, toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo hata femwea yake iliwekwa huria. Toleo la 2 likaja na chipu ya Realtek. Jina ni lile lile na sura ni ile ile, isipokuwa herufi V na tarakimu moja kwenye karatasi ndogo ya nyuma.

Na ile 600? Ni kujumlisha tu. Kle kama yangu hufikia megabiti 433 kwa sekunde kwenye mawimbi ya gigahezi 5, na 150 kwenye 2.4. Kiwanda kimejumlisha na kuzungusha juu, ingawa kle haitumii njia zote mbili kwa wakati mmoja. Tundu la USB 2.0 lenyewe mwisho wake ni 480.

Kinachoamua mwendo huku ni mabati na umbali. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu. Hupenya mbao na udongo mkavu likiwa limedhoofika. Likikutana na bati hurudi lilikotoka. Mahali peupe, umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Mvua yenyewe hailizuii sana, ila majani yaliyolowa hulinyonya, na Butembo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, haikosi mvua wala mikaratusi. Kuna pia adui wa ndani: matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi yana ulimi wa buluu, hutoa kelele za redio karibu na gigahezi 2.4. Intel waliieleza mwaka 2012. Ndiyo maana waya wa kurefusha wa mita moja, unaoitoa kle ubavuni mwa kompyuta na kuipeleka dirishani, mara nyingi husaidia kuliko kununua kle ya bei kubwa. Usizidishe urefu tu: tundu la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa miliampia 500, na kle yenye nguvu nyingi kwenye waya mwembamba hukosa umeme, ikakatika na kurudi kila baada ya dakika chache.

Kle inaweza pia kugeuzwa kuwa mnara mdogo. AR9271, na chipu nyingine kadhaa, hukubali zenyewe kutangaza mtandao, simu kadhaa zikaingia humo. Ukiweka kwenye kompyuta hiyo Kiwix, inayosoma Wikipedia iliyohifadhiwa kwenye diski, wanafunzi wanasoma bila mega hata moja. Hili si mchezo kwa mji kama wetu. Desemba 2018, nchi ilipopiga kura bila Beni na Butembo, intaneti ilizimwa Kongo nzima kwa majuma karibu matatu. Hakuna kle ya kutatua hilo, lakini mtandao wa ndani ya chumba hauombi ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba laptopu yako, au flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Chomeka kle kabla ya kutoa pesa, andika lsusb, kisha tazama kama majina ya wifi za jirani yanajitokeza. Ni kazi ya dakika mbili. Muuzaji akikataa usijaribu, mshukuru kwa heshima, vuka barabara, uulize duka la pili.