Kompyuta Ikikosea, Usimkamate Karani

Huenda wengine kati yenu hamjapata kugusa kompyuta maisha yenu yote. Mtasema: "Mambo hayo ni ya watu wa mjini. Mimi nalima pamba Kishapu," au, "Mimi nachimba dhahabu Nyarugusu, kompyuta yanihusu nini?"

Ngojeni kidogo. Leo kilo za pamba yako zaweza kuandikwa katika kompyuta, na akiba yako katika chama cha akiba na mikopo, na jina lako la kupigia kura. Na huenda mwanao, uliyemsomesha kwa kuuza ng'ombe, ndiye akaaye mbele ya mashini hiyo kutwa nzima. Basi kompyuta imekwisha ingia nyumbani mwako, hata kama hujaiona.

Natuchukue mfano. Chama cha msingi kimenunua programu ya kuandika pamba ya wanachama. Iliahidiwa kuwa tayari kabla ya msimu, lakini msimu umefika nayo bado ina makosa. Mama mjane ameleta mizigo mitatu siku moja, kompyuta imeandika mmoja tu. Watu wanapiga kelele. Mwenyekiti anamgeukia karani: "Mwizi ni wewe!" Karani anamlaumu kijana aliyeitengeneza programu. Kijana, kwa hofu, anazima simu yake. Hapo kazi inazama. Je, nani ataiokoa?

Kwanza tujue programu ni kitu gani. Ni maagizo tu, yaliyoandikwa na mtu, mstari baada ya mstari, kama vile mama anavyomwagiza mtoto dukani. Mtoto akikuta duka limefungwa atatafuta jingine. Kompyuta haina akili hiyo. Yenyewe hufanya kama ilivyoagizwa, basi. Mwagizaji akisahau kwamba mtu mmoja aweza kuleta pamba mara tatu kwa siku, kompyuta itashika mara moja na kuziacha mbili. Mjane ataondoka analia, na karani hajaiba hata senti moja.

Kupunjwa katika vipimo si jambo jipya kwa Wasukuma. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba waliona kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Walichagua watu wao wenyewe wasimame karibu na mizani na kuangalia. Toka hapo vyama vya ushirika vikakua, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, hata mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kompyuta ni mizani ya siku hizi. Nayo yataka mtu wa kusimama karibu na kuangalia.

Sasa tazameni hatari ya kuificha kasoro. Kule Uingereza, toka mwaka 1999, Shirika la Posta lilianza kutumia programu iitwayo Horizon katika maposta madogo ya vijijini na mijini. Programu ilikuwa na makosa: ilionyesha fedha zimepungua kumbe hazikupungua. Wasimamizi wa posta walilalamika, lakini waliambiwa kwamba mashini haikosei. Mpaka mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa gerezani, wengine waliuza nyumba kulipa fedha ambazo hawakuchukua, na wengine walikufa kabla ya majina yao kusafishwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba programu hiyo ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu hao. Kasoro yenyewe ingeweza kutengenezwa. Kilichovunja nyumba za watu ni wakubwa kukataa kusema: "Tumekosea." Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo wakubwa wengine ambao hawafichi kasoro, lakini hukimbilia dawa isiyofaa. Wakiona kazi imechelewa huita watu wengi waje kusaidia. Mmarekani mmoja, Frederick Brooks, aliyesimamia kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, aliandika kitabu mwaka 1975 akaeleza kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Ukileta vijana 20 wasiojua pamba kupalilia shamba lililozidiwa na majani, siku nzima utakuwa ukiwafundisha lipi ni jani na upi ni mche. Wewe hupalilii, nao wanang'oa pamba.

Basi ifanyweje? Turudi hapa kwetu Tanzania, kwa jambo ambalo wengi wenu mliliona kwa macho. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura kwa mashini zenye kompyuta, zilizopiga picha na kuchukua alama za vidole. Watu waliziita BVR. Mashini hizo zilikuwa zimejaribiwa Desemba 2014 katika majimbo matatu: Kawe, Kilombero na Mlele. Februari 2015 kazi ilianza Makambako, mkoani Njombe, nayo ilianza kwa shida. Mashini zilizofika zilikuwa chache mno, misururu ilikuwa mirefu. Tena mkono ulioshika jembe au nyundo ya mwamba miaka mingi huwa na sugu, na mashini huona taabu kuzisoma alama zake.

Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili mwaka huohuo. Mambo mawili makubwa yalikuwa yanasubiri mashini zilezile. Tarehe 2 Aprili mwenyekiti wa Tume, Jaji Damian Lubuva, alitangaza kwamba kura ya maoni imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji haukuwa umekwisha. Tume iliendelea na uandikishaji, ikizihamisha mashini toka mkoa hadi mkoa. Watu zaidi ya milioni 22 waliandikishwa, na uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Kuahirisha huko kulikuwa na gharama yake, maana kura ile ya maoni haikupigwa tena mwaka ule. Lakini mzigo ulipunguzwa, na ule uliobaki ukafika. Hili ni fundisho: kazi inayozama huokolewa kwa kupunguza ahadi na kusema wazi mbele ya watu wote kipi kimepunguzwa.

Fundisho la mwisho halina kompyuta ndani yake, nalo ni la Shinyanga hasa. Miti yetu ilikuwa imefyekwa miaka mingi, kwa ajili ya kuua mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Hapo mwanzo wataalamu walitilia nguvu vitalu na kupanda miti, hata ya kigeni, na wanavijiji wengi hawakuuona mpango kuwa wao. Mpango ungeweza kufa hapo. Lakini wataalamu walikaa chini na wazee, wakatazama desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Kumbe dawa ilikuwa mikononi mwa wafugaji wenyewe! Ngitili ziliporudishwa, miti ilichipua tena katika ardhi zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize.

Sasa turudi kwa chama chetu cha mfano. Mwenyekiti afanye nini? Kwanza, aitishe mkutano aseme kweli: "Programu ina kasoro, wala hatujamkuta mtu na kosa la wizi." Pili, karani aandike pamba katika daftari la karatasi sambamba na kompyuta, na kila mkulima apewe stakabadhi, mpaka hesabu hizo mbili zipatane. Tatu, kijana wa programu aitwe pasipo matusi, akae mizanini siku mbili tatu, amwone yule mjane akileta mzigo wa pili na wa tatu. Hapo atajifunza jambo ambalo ofisini asingelijua kamwe. Nne, yafutwe mapambo yote yaliyoahidiwa. Msimu huu programu ifanye kazi moja tu: kuandika kilo na fedha sawasawa. Na ikionekana hata hilo haliwezekani, wairudie karatasi bila haya. Kuiacha kazi mbovu kwa wakati wake ni hekima pia.

Nanyi wazazi, mwanenu akirudi likizo akiwa kimya, hali vizuri, simu ikilia anashtuka, msimwulize tu ameleta fedha kiasi gani. Mwulizeni kazi inakwendaje. Kijana aliyezoea nyumbani kusema "Baba, nimevunja mtungi," bila kuogopa kupigwa mpaka kuumizwa, ndiye atakayeweza kumwambia bwana wake kazini: "Mzee, kazi hii haitakwisha mwezi huu." Ujasiri huo haufundishwi chuoni. Hujengwa jikoni kwenu.

Bwana wetu Yezu Kristu alisimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, asiyekaa kwanza kuhesabu gharama, na jinsi watu watakavyomcheka akishindwa kuumaliza. Heri kuhesabu mwanzo. Lakini kama hukuhesabu, na mnara umefika nusu, keti leo uhesabu. Nawe mwanachama uliyeko nje ya ofisi, kabla hujapaza sauti kumwita karani mwizi, omba kwanza kuliona daftari.