Nyota Kongwe Zinazopima Umbali wa Galaksi

Kimondo cha Mbozi kinagusika. Kipo Ndolezi, wilayani Mbozi, Tanzania, kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, na takriban asilimia 90 yake ni chuma. Anayetaka kujua urefu wake anavuta futi kamba na kupata mita 3 hivi. Galaksi hazitupi nafasi hiyo. Kinachotufikia kutoka huko ni mwanga tu, na umbali wote lazima usomwe humo.

Mwishoni mwa Januari, mawingu yakipisha, mtu wa Ihanda, katika wilaya hiyohiyo, anaweza kutazama kusini mnamo saa nne usiku. Theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, ataona doa hafifu lisilosukumwa na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Lipo umbali wa takriban miaka nuru 162,000. Tumejuaje?

Fikiria malori yanayoelekea Tunduma usiku, yote yakiwa na taa za nguvu moja. Lori lililo mbali mara mbili, mwanga wake unatufikia ukiwa robo. Lililo mbali mara tatu, moja ya tisa. Ukijua nguvu halisi ya taa, ung'avu unaouona unakupa umbali. Tatizo ni kwamba nyota hutofautiana mno kwa nguvu, kwa hiyo tunahitaji aina ambayo nguvu yake inajulikana kwa hakika.

Majitu mekundu yanatupa aina hiyo. Nyota yenye uzito unaokaribiana na wa Jua huishi mabilioni ya miaka ikigeuza haidrojeni ya kiini chake kuwa heliamu. Haidrojeni hiyo ikiisha, kiini hujikaza, na uunguaji huhamia kwenye tabaka linalokizunguka. Sehemu za nje hutanuka na kupoa, na nyota hugeuka jitu jekundu. Heliamu inayozalishwa huongeza uzito wa kiini, na kadiri kiini kinavyokuwa kizito ndivyo nyota inavyozidi kung'aa. Kinapokaribia nusu ya uzito wa Jua, joto lake hufika nyuzi milioni 100 hivi, na heliamu yenyewe huwaka ghafla. Hapo kupanda huko hukoma; mng'ao wa nyota hushuka.

Kwa nini kikomo kiwe kimoja kwa nyota nyingi? Ndani ya kiini, elektroni zimebanwa mno hivi kwamba shinikizo linalokihimili halitegemei tena joto. Kwa hiyo nyota iliyozaliwa nzito kidogo na iliyozaliwa nyepesi kidogo hufika kileleni zikiwa na viini vya uzito unaokaribia kuwa sawa, na kiini ndicho kinachoamua mng'ao. Hapo nyota hung'aa zaidi ya mara 2,000 kuliko Jua.

Hakuna haja ya kuvizia nyota moja ikiwa kileleni. Wataalamu hupiga picha viunga vya galaksi, hupima mwanga wa maelfu ya majitu mekundu, kisha huyapanga kuanzia hafifu hadi angavu. Idadi inapungua polepole, halafu inakatika ghafla. Ukingo huo ndio kilele. Mwaka 1993, Myung Gyoon Lee, Wendy Freedman na Barry Madore walionyesha kwamba ukingo huo unaweza kutafutwa kwa hesabu badala ya kukadiriwa kwa macho.

Naipenda njia hii kwa sababu inategemea nyota kongwe, za kawaida, zinazopatikana hata pembezoni pasipo na msongamano. Nyota za Sefeidi, ambazo Edwin Hubble alizitumia kupima umbali wa Andromeda, ni changa, na kwa kawaida hukaa kwenye mikono ya galaksi yenye vumbi linalopunguza mwanga.

Lakini vumbi halikwepeki kabisa. Mwaka 2019, kundi la Freedman lilitumia majitu mekundu kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, na kipimo chake kiliegemea Wingu Kubwa la Magellan. Kundi hilo lilipata kilomita 69.8 kwa sekunde kwa kila miaka nuru milioni 3.26. Mwaka huohuo watafiti wengine, Adam Riess akiwa miongoni mwao, walikokotoa upya vumbi la wingu hilo na kupata 72.4. Sefeidi zilikuwa zimetoa 74 hivi, na mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu 67.4. Kosa dogo katika kukadiria vumbi la galaksi moja linatosha kuyumbisha matokeo yote.

Ndiyo maana wapimaji wameongeza nguzo nyingine, galaksi NGC 4258. Umbali wake, kama miaka nuru milioni 25, ulipatikana kwa kufuatilia mvuke wa maji unaozunguka shimo jeusi lililo katikati yake. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, inayatazama majitu mekundu kwa mwanga wa infraredi, ambako yanang'aa zaidi na vumbi halizuii mwanga mwingi.