Gari lako likiitwa shahidi, litasema nini?

Leo naomba tuanzie mahali ambapo hatujazoea kuanzia, nako ni chini ya dashibodi ya gari lako.

Kama gari lako lina mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga dereva wakati wa ajali, basi ndani yake kuna kisanduku kidogo cha chuma, mara nyingi kati ya viti viwili vya mbele. Mafundi hukiita kontroboksi ya eabegi. Kazi yake ya kwanza ni kuamua, ndani ya kufumba na kufumbua, kama mifuko ifumuke au la. Lakini katika magari mengi ya miaka ya karibuni kina kazi ya pili, ambayo wenye magari wengi hawaijui. Kisanduku hicho kinakumbuka. Ajali ikitokea, kinatunza sekunde chache za mwisho kabla ya mgongano: gari lilikuwa mwendo gani, dereva alikanyaga breki au mafuta, mkanda ulifungwa au haukufungwa. Mifuko ikishafumuka, kumbukumbu hiyo haipotei kwa kuzima gari wala kwa kuchomoa betri.

Hata hivyo, usikiogope kuliko inavyostahili. Hakirekodi maneno yako wala hakijui jina lako. Hakijui kama taa ilikuwa nyekundu, wala nani alikuwa kwenye usukani. Tairi zikiteleza, hata mwendo kilioandika unaweza kutofautiana na mwendo halisi. Ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi mmoja. Ndiyo maana Torati ilitaka neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15).

Nani mwenye haki ya kumuuliza?

Marekani walilijibu swali hili kwa sheria. Desemba 2015, Rais Barack Obama alitia saini sheria ambayo sehemu yake moja inasema kumbukumbu za kisanduku hicho ni mali ya mwenye gari, au ya aliyelikodi kwa mkataba wa muda mrefu. Mtu mwingine haruhusiwi kuzichukua bila ridhaa yake, isipokuwa kwa sababu chache kama amri ya mahakama au huduma ya dharura ya kuokoa majeruhi. Ulaya, kuanzia Julai 2024, kila gari dogo jipya linalouzwa lazima liwe na kisanduku hicho, na kanuni zao zinataka kumbukumbu zisimtambulishe mwenye gari.

Lakini kumiliki ni jambo moja na kusoma ni jambo lingine. Kumbukumbu hizo husomwa kwa mashine maalumu na mtu aliyefundishwa, na si magari yote yanayokubali mashine hizo. Mwenye gari anaweza kuwa na haki yake mkononi na bado asijue kilichoandikwa ndani.

Kwetu Tanzania, magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani, na lenye kisanduku hicho huja nacho. Hapa wengi hupoteza ushahidi wao bila kujua. Ajali inatokea, mwenye bima kubwa analipwa, anasaini karatasi, mabaki yanachukuliwa na kuuzwa. Kesi ikija baadaye, shahidi alishauzwa pamoja na bodi na milango. Nakushauri kabla ya kusaini uulize kwa maandishi: kisanduku kitabaki kwa nani, na kama kitasomwa, nitapewa nakala? Na kama gari lako limefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo kwa setilaiti, kampuni iliyokifunga inatunza taarifa za safari zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuomba kuziona taarifa zako zinazoshikiliwa na wengine. Kudai haki hiyo si ukorofi. Hata Mtume Paulo alidai haki yake ya uraia wa Kirumi alipotaka kupigwa viboko bila kuhukumiwa (Matendo 22:25).

Kisanduku changu

Sasa, mpendwa, nikuambie kwa nini jambo hili limekaa moyoni mwangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nawahi mkutano wa injili jioni. Mimi ni mzee wa kanisa na siku hiyo nilikuwa na zamu ya kufungua kwa maombi. Nilikuwa nimechelewa. Kirikuu kilichobeba matenga ya nyanya kilitoka barabara ya mtaani kuingia barabara kubwa, nami nikakivaa ubavuni. Mifuko ya hewa ikafumuka. Nilitoka mzima, na kijana aliyekuwa akiendesha kirikuu naye alitoka mzima, lakini nyanya zilitapakaa lami yote.

Askari wa usalama barabarani alipofika aliniuliza mwendo. Eneo lile ni la makazi, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nikasema, "Hamsini, afande." Nilikuwa nimevaa suti, na Biblia yangu ilikuwa kwenye kiti. Kijana alikuwa amevaa kandambili. Alisema, "Mzee alikuwa anakimbia," na hakuna aliyeandika maneno yake. Kosa likawa lake, kwamba aliingia barabara kubwa bila uangalifu. Nilifika kwenye mkutano nikiwa nimechelewa, na watu wakamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Wiki tatu baadaye fundi gereji alinikabidhi kisanduku. "Hiki kimeshatumika, mzee, tumefunga kingine. Lakini kinakumbuka kila kitu, mwendo na breki. Nikitupe?" Nikamwambia nipe. Nilikiweka kwenye droo ya meza ninayosomea Neno.

Msomaji wangu, kisanduku kile kilikuwa changu. Hata kwa sheria ile ya Marekani kingekuwa changu, na hakuna ambaye angekifungua bila ridhaa yangu au amri ya mahakama. Nani angekwenda mahakamani kwa ajili ya matenga ya nyanya? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haki inayomlinda mwenye gari inaweza pia kumfunga mdomo mwenzake. Ushahidi pekee ambao ungemsaidia yule kijana ulikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Mimi nilitangulia, na mwenzangu hakupewa nafasi. Kisha Jumapili moja tukasoma Mathayo 5:23-24, pale Bwana anapomwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Bahasha ya fungu la kumi ilikuwa mfukoni. Nilitoka nayo.

Sikuhitaji mashine ya kusoma kisanduku. Nilijua kilichoandikwa ndani, kwa sababu nilikuwa nimeutazama mshale wa mwendo kabla ya kuinua macho barabarani. Ulikuwa karibu na themanini.

Nilikwenda kituoni kurekebisha maelezo yangu, kisha kwa kampuni ya bima. Haikuwa rahisi, na ilinigharimu. Kisha nikamtafuta kijana. Nilimkuta sokoni akisukuma mkokoteni. Tajiri wake alikuwa amemnyang'anya kirikuu siku ileile ya ajali.

Nilimwambia ukweli, nikampa fedha za nyanya na za siku alizokaa bila kazi. Alizihesabu taratibu. Akasema, "Shikamoo yako nimeipokea, mzee, lakini siku ile nilisema ulikuwa unakimbia. Hakuna aliyenisikiliza." Sikuwa na jibu. Tulikwenda pamoja kwa tajiri wake, nikarudia maneno yaleyale mbele yake. Tajiri alisema gari lina dereva mwingine sasa. Ilimchukua kijana miezi mingi kupata usukani tena.

Zakayo alirudisha mara nne (Luka 19:8). Mimi nilijifunza kwamba kuna vitu ambavyo hata mara nne haitoshi kuvirudisha, na mojawapo ni muda ambao mtu ameishi akiitwa mwongo.

Mpendwa msomaji, idai haki yako. Ukigongwa na kusingiziwa, usikubali mabaki yauzwe kabla shahidi wako hajaulizwa. Lakini siku ambayo shahidi aliye mikononi mwako anamtetea mwenzako, usijifiche nyuma ya maneno "ni mali yangu". Sheria inaweza kukuachia ufunguo. Upendo ndio utakaokuambia ufungue.

Leo ukirudi kutoka ibadani, kabla hujawasha gari, jiulize kama kuna mtu anayebeba lawama ambayo wewe unajua si yake. Anaweza asiwe wa ajali. Anaweza kuwa mfanyakazi wa nyumbani, mwenzako kazini, au mwanao. Mtafute kabla ya Jumapili ijayo.

Tuombe: Ee Mungu unayeijua njia yetu na mwendo wetu, utupe ujasiri wa kusema kweli tusipoulizwa, na utupe masikio ya kumsikia asiyesikilizwa. Katika jina la Yesu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema, na uendeshe salama.