Tetemeko la Ardhi ni Mjumbe Kutoka Vilindini

Ardhi inapotetemeka, vyombo vya jikoni ndivyo hutangulia kutoa habari: vikombe hugongana na vifuniko vya sufuria hulia. Watu hutoka nje wakiulizana ni ghadhabu ya nani. Wataalamu nao huuliza swali jingine: mawimbi haya yamepita wapi, na yamekutana na nini njiani?

Tutazame tetemeko la Kagera, nchini Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016. Kipimo chake kilikuwa 5.9, nalo liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Kutoka kitovu chake hadi Muyinga ni kilomita 240 hivi, na hadi Gitega ni 320 hivi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba, yakienda kilomita 6 hivi kwa sekunde katika miamba ya juu. Ya pili huutikisa mwamba kwa ubavu, nayo huenda kilomita 3 na nusu tu.

Askari ataelewa upesi. Mzinga ukipigwa mbali, huonekana mwako kwanza, ndipo usikike mshindo. Muda kati ya viwili hivyo ndio uonyeshao umbali. Vivyo hivyo, kila sekunde kati ya wimbi la kwanza na la pili ni kilomita 8 hivi. Kwa hesabu hiyo, mawimbi ya Kagera yaliachana kwa sekunde 30 hivi yalipofika Muyinga, na kwa 40 hivi yalipofika Gitega.

Chombo kiandikacho mawimbi hayo huitwa seismografu. Jirani zetu wanavyo: huko Lwiro, karibu na Bukavu, kazi hiyo ilifanyika tangu miaka ya 1950, na Mbarara, Uganda, pana kituo kilicho katika mtandao wa dunia nzima.

Faida yake ni kubwa, kwa maana dunia ni kama yai tusiloweza kulipasua. Kutoka tulipo hadi katikati ni kilomita 6,371, ilhali shimo lenye kina kuliko yote, lililochimbwa Kola nchini Urusi, halifiki kilomita 13. Mawimbi hufika pasipofikika. Mwaka 1906 Richard Oldham, Mwingereza, aliyasoma akatambua kwamba dunia ina kiini. Baadaye ilidhihirika kuwa sehemu ya nje ya kiini hicho, ianziayo kina cha kilomita 2,900 hivi, ni chuma kilichoyeyuka, kwani mawimbi ya pili hayapiti katika kitu kimiminika. Mwaka 1936 Bibi Inge Lehmann wa Denmark aligundua kiini kingine ndani yake.

Kwetu je? Mwaka 1994 na 1995 vyombo vilitandazwa nchini Tanzania. Mawimbi yalikwenda upesi chini ya nyanda za kati, penye mwamba wa kale uliopoa, na polepole chini ya Bonde la Ufa, penye joto. Tena, chini ya kusini mwa Afrika, juu kidogo ya kiini, pana eneo kubwa mno ambamo mawimbi hupunguza mwendo, nalo hupanda likiinamia Afrika Mashariki. Wataalamu wengi huona kwamba joto hilo ndilo huinua nchi zetu na kusaidia kulipanua bonde lililozaa Ziwa Tanganyika. Basi tetemeko si ghadhabu. Ni ardhi kufanya kazi yake.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko. Lakini kiuacho zaidi ni ukuta uangukao. Kwa hiyo tusiweke vitu vizito juu ya vitanda vya watoto. Tuwafundishe kwamba mtikisiko mdogo wa kwanza ni onyo la sekunde chache: aliye karibu na mlango atoke uwanjani, mbali na kuta, aliye ndani ajifiche chini ya meza imara. Ardhi ikitulia, mama au baba azime moto jikoni kabla ya jambo lingine lolote.